Wazee Kupanda na Kushuka Kwenye Tovuti ya Ukoo

Kwa Baba Mkubwa, Mwenyekiti wa Kamati ya Ukoo,

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo mbele ya uenyekiti kwa sababu uenyekiti ulipigiwa kura, na shikamoo ni yako hata siku utakapostaafu. Natumaini goti linaendelea vizuri na Mama Mkubwa bado anakukataza kupanda ngazi. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi, ambaye nina malalamiko.

YAH: TOVUTI YA UKOO NA MADHARA YAKE KWA NDOA YANGU

Baba Mkubwa, ningeweza kuja nikakueleza kwa mdomo, maana kutoka kwetu hadi kwako si safari ya kuaga watu. Lakini nikija nitakaribishwa, nitakalishwa, nitaulizwa kama nimekula, na kabla sijamaliza kujibu nitakuwa nimeshapewa redio niifungue. Ninyi mnaamini kwamba mtu anayejua kompyuta anajua kila kitu chenye waya. Nimeona heri niandike, ili malalamiko yakae kwenye mstari na asiwepo wa kuyakatiza.

Kwa faida ya wajumbe wanaoijua kazi yangu kwa kusikia tu: mimi natengeneza tovuti. Mtu ana biashara, anataka ionekane kwenye intaneti, ananitafuta, tunaelewana, namtengenezea. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe, na mwalimu mwenyewe alikuwa hajui. Sina bosi, sina ofisi, sina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nina meza sebuleni kwa mama, kati ya dirisha na ubao wa kupigia pasi, na kiti ambacho akija mgeni kinachukuliwa, nami nabaki nafanya kazi nimesimama kama mhubiri.

Sasa naingia kwenye malalamiko.

1. Kwanza nalalamikia jinsi nilivyopewa kazi hii. Utakumbuka kwamba baba wa mchumba wangu, ambaye ni mpimaji ardhi mstaafu na haingii kiwanja kabla ya kujua mipaka yake, aliuliza: "Hao watu wenu ni akina nani hasa?" Swali lilikuwa dogo. Jibu lake lingetosha kwenye salamu. Lakini wewe ulilipeleka kwenye kikao, na kikao kikaamua kwamba ukoo uwe na tovuti, ili mkwe mtarajiwa asome mwenyewe tulikotoka, aone na wazee watakaokwenda kuniombea mke. Alipotafutwa mtu wa kuitengeneza, ulinyoosha kidole upande wangu bila hata kunitazama, ukasema: "Si huyu hapa? Yuko nyumbani tu kutwa anabonyezabonyeza. Abonyeze na yetu."

Nilipigiwa makofi. Kupigiwa makofi, nimekuja kugundua, ndiyo mkataba wenyewe.

Sijakataa kuutumikia ukoo. Ninachosema ni kwamba mteja wa kawaida, hata awe mgumu vipi, ana mdomo mmoja. Nimewahi kumtengenezea tovuti fundi wa majeneza aliyetaka sehemu ya maoni ya wateja waliokwisha kutumia bidhaa. Tulikaa, nikamweleza taratibu, akafikiri, akaona ugumu uko wapi, tukaendelea. Nina mteja mwingine mwenye duka la miwani ambaye kila wiki ananiambia maandishi ni madogo. Nayakuza. Anarudi. Nayakuza tena. Sasa hivi ukurasa wake wa mbele una neno moja, na neno lenyewe linakaribia kutoka nje. Bado, ni mdomo mmoja. Ukoo ni mteja mwenye midomo mingi, na kila mdomo una umri wa kunizaa.

2. Picha. Nilipewa maagizo kwamba ukurasa wa mbele uwe na picha za wazee wanne: wewe mwenyewe, Baba Mdogo, Shangazi na Mjomba. Kuhusu Mjomba palitokea minong'ono, kwa kuwa yeye ni kaka yake mama na si mtu wa ukoo huu. Mama akaimaliza kwa sentensi moja: "Hakuna mtoto aliyezaliwa na upande mmoja." Na kwa kuwa marehemu baba hayupo wa kubishana naye, ikapita.

Picha zikaanza kuja. Ya Baba Mdogo ilipigwa zamani sana, wakati ana nywele nyingi na hana maoni. Nilimwomba ya sasa, akasema hiyo ndiyo ya sasa ila mwanga ulikuwa mzuri. Mjomba alileta picha iliyokatwa kwenye harusi ya watu wengine, na begani kwake kuna mkono wa bibi harusi ambaye hatumjui. Shangazi alileta picha safi kabisa, lakini mimi hukata picha kwa duara, ndivyo wanavyopenda watu siku hizi, na duara halikuwa na nafasi ya kilemba chake chote. Alinipigia simu ningali na maji mdomoni. "Kilemba changu kiko wapi?" Nikamweleza habari za duara. Akasema: "Mimi nilipiga picha mraba. Huo uduara umeutoa wapi? Sikukopesha kilemba kwa mtu." Nikarudisha mraba. Mpaka leo wazee watatu wako kwenye duara na Shangazi yuko kwenye mraba, kama kibali cha kusafiria kilichobandikwa katikati ya sahani.

3. Kushoto na kulia. Hapa ndipo ugonjwa ulipoanzia, Baba Mkubwa, na naomba uvumilie maana wewe mwenyewe umo ndani.

Mimi niliwapanga wazee kwa mstari mmoja kufuata orodha niliyopewa, kama tunavyosoma, kuanzia kushoto kwenda kulia: wewe kwanza, halafu Baba Mdogo, halafu Shangazi, halafu Mjomba. Nikakupeleka duka la kutoa kopi ili uione kwenye kompyuta kubwa. Uliitazama kwa muda. Ukavua miwani, ukaivaa. Ukasema: "Mbona umeniweka mkono wa kushoto?" Nikasema kusoma kunaanzia huko. Ukasema: "Mimi si habari ya kusomwa. Mkubwa hukaa kulia." Ukamwita dada wa duka awe shahidi, ukamuuliza, "Binti, kwenu mkubwa anakaa wapi?" Yule dada, ambaye alikuwa na foleni, akasema kulia. Nadhani angesema hata juu ya paa ili tuondoke.

Basi nikageuza mstari wote. Mjomba akaenda kushoto mwanzo kabisa, akafuata Shangazi, akafuata Baba Mdogo, na wewe ukakaa kulia, mwisho, kama mwenye nyumba. Uliridhika. Ulinipiga bega. Tulirudi nyumbani tukiwa watu wawili wenye furaha, na mimi nilikuwa sijafikiria simu.

4. Simu. Naomba nieleze kitu hiki kwa lugha ya sebuleni. Chukua sahani nne umezipanga kwa mstari juu ya meza pana. Zinakaa. Sasa chukua sahani zilezile uzipeleke kwenye kigoda. Hazienei. Utafanya nini? Utazipandanisha. Simu ni kigoda. Tovuti ikifunguliwa kwenye kompyuta, wazee wanakaa bega kwa bega. Ikifunguliwa kwenye simu, wanapandana, na anayetangulia kushoto ndiye anayekaa juu.

Kwa hiyo, kwenye simu ya kila mtu duniani, Mjomba yuko juu ya ukoo wetu. Chini yake Shangazi. Chini ya Shangazi, Baba Mdogo na nywele zake. Na wewe, Mwenyekiti, mtu uliyeomba heshima ya kulia, uko chini kabisa, mahali ambapo wateja wangu wengine huweka masharti ambayo hawataki yasomwe.

Aliyegundua ni Baba Mdogo. Na hakunipigia mimi. Aliipiga picha simu yake kwa simu ya mke wake, akaituma kwenye kundi la ukoo na maneno haya: "Hongera Mjomba kwa kuteuliwa kuwa mkuu wa ukoo wa wenyewe." Mjomba alijibu. Unamjua Mjomba, hajaitwa Sawa Tu kwa bahati mbaya. Huyu ni mtu aliyewahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa ukuta kati ya majirani wawili, akamkubalia wa kwanza, akamkubalia wa pili, na wote wakatoka wakimsifu kwa hekima huku ukuta ukiwa palepale. Aliandika: "Sawa tu."

5. Baada ya hapo kila mzee alijitafutia tiba yake. Shangazi aligundua kwamba ukiilaza simu kioo kinapanuka, na wazee wanakaa wawili wawili. Mjomba na yeye juu, Baba Mdogo na wewe chini. Na kati ya hao wa juu, aliye kulia ni yeye. Yuko juu na yuko kulia, heshima zote mbili kwa mpigo. Akatuma sauti kwenye kundi, anapiga kelele kama anayeita watoto barabarani: "Jamani, lazeni simu! Lazeni simu! Asiyenikuta juu hajalaza vizuri!" Tangu siku hiyo hajaisimamisha simu yake. Hata akipigiwa anaipokea imelala, anaongea kama anakula muwa.

Baba Mdogo yeye hakujali kulaza. Huweka vidole viwili juu ya uso wake mwenyewe akaupanua mpaka kioo kizima ni yeye na nusu sikio la Shangazi, kisha anawaonyesha watu na kusema: "Mimi kwangu inakuja hivi."

6. Utaniuliza, kwa nini nisirekebishe? Swali ni zuri, na wote mmeniuliza, kila mtu akiwa na maana yake ya kurekebisha.

Nilirekebisha, Baba Mkubwa. Si kazi kubwa. Niliamuru kompyuta ikuweke kulia, na simu ikuweke juu. Nikapiga mluzi. Kabla sijamaliza mluzi mama akatoka jikoni, simu mkononi, sufuria ikiungua nyuma yake. "Kaka yangu amefanya nini?" Nikasema hajafanya kitu. "Mbona umemshusha?" Nikamwambia mama, sijamshusha, nimempandisha Baba Mkubwa. Akasema: "Kwani mtu akipandishwa juu ya kichwa chako wewe unabaki ulipo? Wakati yuko huko chini hakuna aliyemjua, hakudai. Ninyi wenyewe mkampandisha, watu wakamwona, wakampongeza. Leo unamteremsha mbele za watu kama mzigo uliopakiwa gari lisilo lake. Ukimshusha kaka yangu, mimi kwenda kwa wakwe siendi. Na nguo zako ujipigie pasi."

Ubao wa pasi, kama nilivyosema, uko ubavuni mwa meza yangu. Nilijiona.

Nikamrudisha Mjomba juu. Nikajaribu kumweka Baba Mdogo juu, kama njia ya kati, Shangazi akauliza tangu lini mdogo wake akamtangulia kuzaliwa. Nikajaribu kumweka Shangazi juu, Baba Mdogo akasema hakuna tatizo, ila siku ya safari asitafutwe. Nimegundua kanuni moja ambayo haimo kwenye vitabu vya kazi yetu: mtu ambaye hajawahi kuonekana juu hudai heshima, lakini mtu aliyeonekana juu hata mara moja hudai haki. Tovuti imebaki ilivyokuwa tangu ulipoomba kulia, kwa sababu huko angalau kila mtu ameshazoea kukasirika.

7. Sasa lililonifanya nichukue kalamu.

Jumamosi hii ndiyo siku tuliyopangiwa kwenda ukweni. Baba yangu hayupo wa kunisemea. Wasemaji wangu ni ninyi wanne. Na mpaka naandika, Baba Mdogo amesema haendi akiwa wa tatu. Shangazi amesema atakwenda kama wenyeji watalaza simu zao. Mama amesema nilichokwisha kukisema. Na wewe umesema, si kwangu bali kwa Mama Mkubwa aliyemwambia mama, kwamba mtu aliyewekwa chini hana haja ya kwenda mahali, kwa kuwa ameshafika.

Nilijaribu kumwambia mchumba wangu kwamba wazee wana mambo madogo ya kiufundi. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema: "Hebu subiri. Wazee wako wamegombana kwa sababu ya picha?" Nikasema si picha, ni mpangilio. Akasema: "Kama hawawezi kukaa pamoja wakiwa picha, kwenye makochi yetu watakaaje?" Nimewahi kujibu maswali ya watu waliofuta kazi yao yote kwa mkono wao na kunilaumu mimi, lakini kwa hilo nikamuuliza tu kama makochi yao yanaweza kupangwa kwa duara.

Baba yake ametuma neno moja tu. Ikipita Jumamosi bila wazee kutokea, ataelewa kwamba sina wazee. Na kijana asiye na wazee, anasema, ni kama kiwanja kisicho na hati: kinaweza kuwa kizuri, lakini hujengi. Nampenda yule binti, Baba Mkubwa. Ndiye mtu pekee aliyewahi kunikuta natazama kioo kimya na akajua kwamba nafanya kazi. Siko tayari kumkosa kwa sababu ya upana wa simu.

Baada ya kuyaeleza hayo, naiomba kamati inisikilize kwa hoja, maana nimeifikiria hoja hii nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama.

Hoja yangu ni kwamba juu si ukubwa. Hakuna mtu, nasema hakuna hata mmoja, anayefungua tovuti akaanza kuuliza nani yuko juu ya nani. Nimekaa kwenye kazi hii vya kutosha kuwajua watu. Mtu akifungua ukurasa, kidole kinateremka kama maji ya bafuni. Anatafuta namba ya simu, anatafuta bei, anatafuta pa kutokea. Mpangilio hauna maana yoyote kwa mtazamaji. Na kama mnabisha, tazameni simu zenu vizuri. Juu ya picha ya Mjomba kuna jina la ukoo. Juu ya jina la ukoo kuna saa. Na kando ya saa, kileleni kabisa, kuna alama ya betri. Kama aliye juu ndiye mkubwa, basi mkuu wa ukoo wetu ni betri, naye kila siku jioni anazimia.

Kwa msingi huo naomba yafuatayo, na kamati ikikataa la kwanza iende la pili, ikikataa la pili isichoke.

(a) Ipitishwe kwa kauli moja kwamba Juu Si Ukubwa, na azimio hilo lisomwe kwa sauti mbele ya wazee wote wanne wakiwa wamesimama kwa duara, ili wakati wa kusomewa pia asiwepo wa kwanza.

(b) Hilo likishindikana, ukoo utangaze kwamba tovuti yetu husomwa kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anavyopanda ghorofa. Mgeni aelekezwe ateremke kwanza mpaka mwisho bila kutazama, afumbe macho ikibidi, kisha aanze kupanda. Hapo wewe utakuwa wa kwanza na Mjomba ndiye atakayepokea upepo.

(c) Hilo nalo likishindikana, ukubwa ugawanywe kwa vyombo. Wewe uwe mkubwa wa ukoo kwenye kompyuta. Mjomba awe mkubwa kwenye simu iliyosimama. Shangazi awe mkubwa kwenye simu iliyolala. Baba Mdogo awe mkubwa pale mtu anapopanua kwa vidole. Likitokea jambo zito kama msiba au mgawo wa shamba, kwanza aulizwe kila mtu habari hiyo imemfikia kwa chombo gani.

(d) Au Jumamosi tubebe kompyuta kubwa kutoka duka la kutoa kopi, tutangulie nayo mbele ya msafara ikiwa imewaka, na simu zote za wenyeji tuziombe mlangoni kwa heshima, kama watu wanavyoombwa viatu.

(e) Na kama yote hayo hayafai, basi naomba ruhusa ya kuhamia ukoo wa mchumba wangu, ambao hawana tovuti na wanapendana. Nililipima hili kwa makini. Dosari yake ni kwamba nikihamia huko yeye atakuwa dada yangu, na sababu ya kuhama itakuwa imekufa. Lakini nimeliweka, ili kamati ione nimefikishwa wapi.

Sidai shukrani, sidai kupigiwa makofi tena. Nadai wazee wanne, wakiwa hai, wamevaa vizuri, wamekaa kwa namna yoyote watakayokaa, Jumamosi mchana, ukweni. Nikiwapata hao, tovuti nitaizima mwenyewe kwa mikono yangu na kuitandikia kitambaa cheupe.

Nisalimie Mama Mkubwa na goti lako, kwa kuwa ndilo analolishughulikia zaidi. Nisalimie watoto wote, wale waliolala na wale wanaojifanya wamelala. Nisalimie jirani yako mwenye mbwa, na mbwa, tulishasameheana. Ukipita duka la kutoa kopi msalimie yule dada na umwambie ushahidi wake umetufikisha mbali.

Nabaki kuwa mwanao mtiifu, yule wa kubonyezabonyeza, ambaye anakuheshimu kwenye kioo cha upana wowote.

Nakala kwa: Baba Mdogo, Shangazi na Mjomba. Kila mmoja nimemwandikia kwenye karatasi yake mwenyewe, jina lake peke yake, ili asiwepo wa kuuliza nani ametajwa kabla ya nani.

Nyongeza: Baba Mkubwa, barua nilikuwa nimeshaikunja mchumba wangu aliponipigia simu. Nimeikunjua. Naomba ukifika hapa uketi.

Baba yake amefungua tovuti yetu mchana huu, kwa simu. Hakuteremka kama maji ya bafuni. Aliteremka polepole mpaka chini, akapanda polepole mpaka juu, akaweka kidole kwenye picha ya Mjomba na kusema: "Huyu wa juu ndiye mkuu wao." Na kwa kuwa kamati iliniagiza niweke namba ya simu chini ya kila mzee, akampigia.

Wameongea mpaka chai yake ikapoa. Wamecheka. Amemwambia Mjomba kwamba sasa amejua anaongea na watu wa namna gani, na kila alilolitaja, Mjomba amelikubali. Amekubaliwa na yeye akakubali. Mambo yamekwisha, Baba Mkubwa. Jumamosi tunakwenda kupokelewa tu. Nilimuuliza Mjomba kwa nini hakumwambia mzee wa watu kwamba yeye si mkuu wa ukoo. Akashangaa. "Mtu ananisalimia kwa heshima, anampa mpwa wangu mke, mimi nianze kumbishia? Nikamwambia sawa tu."

Kwa hiyo yale yote niliyoandika kuhusu mpangilio kutokuwa na maana naomba uyapige mstari. Mpangilio una maana. Mtu anayetazama nani yuko juu ya nani yupo, na ndiye ananipa mke. Azimio (a) lisisomwe, si kwa duara wala kwa mraba. Mama ameshaanza kupiga pasi. Baba Mdogo na Shangazi waliposikia mambo yamekubaliwa wamesema watakuja, kwa sababu hakuna anayetaka kuambiwa na Mjomba ilivyokuwa. Nakuomba na wewe uje, na nakuomba kwa magoti yangu yote mawili mtu yeyote asiniambie nisogeze picha hata kwa upana wa unywele mpaka harusi ipite.

Limebaki jambo moja dogo. Mchumba wangu anasema baba yake aliuliza pia kuhusu yule mzee wa chini kabisa, aliyepigwa picha amesimama kando ya gari, mkono juu ya mlango: huyo ndiye dereva wao? Nilitafuta jibu haraka, Baba Mkubwa. Gari la Jumamosi ni lako, na usukani hujawahi kumwachia mtu. Nikasema ndiyo, tena tuko naye siku nyingi.